Zinki isiyo zinki: kuchagua na kubadilisha anodi ya shafti ya mashua

Mafundi wa boti wanaozungumza Kiingereza wana kitu wanachokiita "zinki". Ni kipande cha metali ya kijivu, mara nyingi kikubwa kama yai au kama ngumi, kinachofungwa kwenye shafti inayozungusha rafadha chini ya mashua. Kazi yake ni kulika. Bahari inakila polepole, na wakati inakila inaiacha shafti na rafadha salama. Kikikaribia kwisha kinatolewa, kinafungwa kingine. Wafaransa kitu hicho hicho wanakiita anodi, jina lisilotaja metali yoyote. Tofauti hiyo ya majina si mchezo wa wanaisimu peke yao. Siku hizi "zinki" nyingi zinazouzwa madukani ni za alumini, nyingine ni za magnesi, na mtu anayeomba zinki anaweza kupewa zinki kweli, halafu akapeleka mashua yake kwenye maji ambamo zinki haifanyi kazi.

Nililichagua jambo hili katika somo letu la istilahi. Kila mmoja alitakiwa kuchukua ufundi mmoja na kuueleza kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kujificha nyuma ya Kifaransa pale neno linapokuwa gumu. Wenzangu walichukua ushonaji, kilimo cha muhogo, utengenezaji wa simu. Mimi nina mjomba ambaye ni makanika wa boti upande wa Kalemie, na kitabu cha Kifaransa cha matunzo ya mashua za matanga alichokuwa nacho ndicho kilichonivuta. Mashua za namna hiyo, za faiba, zenye matanga na injini ndogo ya dizeli ndani, kwetu ni adimu. Kwa hiyo nitaziacha kwao, kwenye pwani na mifereji ya Ufaransa, na nitarudi ziwani pale tu panapohusika.

Kwanza maneno mawili. Rafadha imo katika kamusi, ingawa huku kwetu wengi watasema helisi. Shafti haina jina moja lililokubaliwa na wote. Mhimili ungefaa, lakini mhimili pia ni nguzo, na ni mstari ambao dunia inauzunguka. Wafaransa wenyewe waliazima jina kwenye pori: kwao shafti ni "mti". Nabaki na shafti, kwa sababu fundi akiisikia haulizi mara ya pili.

Sasa, kwa nini metali inalika? Chukua betri ya tochi ya bei rahisi, ile ya aina ya zamani. Kopo lake la nje ni la zinki. Tochi inapowaka, kopo hilo ndilo linaloyeyuka kidogo kidogo, na ndiyo sababu betri iliyosahauliwa ndani ya redio hutoboka na kumwaga uchafu. Umeme wa tochi ni malipo ya zinki inayolika. Sasa weka metali mbili tofauti ndani ya maji ya bahari, zikiwa zimegusana au zimeunganishwa na waya: umetengeneza betri bila kukusudia. Elektroni zinapita ndani ya metali kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine. Ioni zinasafiri ndani ya maji kufunga mzunguko. Ile inayotoa elektroni ndiyo inayolika. Ile inayopokea inapona.

Nani atoe na nani apokee, haliamuliwi na ugumu wa metali. Linaamuliwa na nafasi ya kila moja kwenye ngazi ya volti. Ukipima ndani ya maji ya bahari kwa kutumia kipimo cha fedha na kloridi ya fedha, magnesi iko chini kabisa, kama volti −1.6. Alumini iliyochanganywa maalumu kwa kazi hii iko karibu na −1.1, na zinki karibu na −1.0. Shaba na jamaa zake wako juu, kama −0.3. Chuma kisichoshika kutu, kikiwa katika hali nzuri, kiko juu zaidi, karibu na sifuri. Aliye chini anamlipia aliye juu. Mashua ya kawaida ina shafti ya chuma kisichoshika kutu na rafadha ya jamaa wa shaba, zote zimo ndani ya maji yale yale na zinagusana. Pasipo kitu kingine, rafadha itailipia shafti. Ukifunga zinki, zinki inazilipia zote mbili.

Sisi wa Katanga tunaweza kutabasamu kidogo hapa. Mukuba na zinki zilizotoka pamoja katika mwamba wa Kipushi zinakwenda kukutana tena chini ya mashua, na huko mmoja anamla mwenzake.

Jina anodi lina historia inayotuhusu zaidi. Mwaka 1834 Michael Faraday alihitaji maneno ya kueleza majaribio yake ya umeme, akamwomba msaada William Whewell wa Cambridge, aliyekuwa hodari wa kutunga istilahi kutoka Kigiriki. Picha waliyoitumia ilikuwa ya jua. Fikiri kwamba mkondo wa umeme unapita ndani ya kimiminika kutoka mashariki kwenda magharibi, kama jua linavyoonekana kupita. Mahali unapoingilia ni upande wa kuchomoza, na anodi maana yake ni njia ya kupanda. Mahali unapotokea ni upande wa kuzama: kathodi, njia ya kushuka. Angekuwa Mswahili, Whewell angesema macheo na machweo na kazi ingeisha. Mimi sipendekezi tuyabadilishe leo, anodi imeshazoeleka mashuleni. Lakini mwanafunzi anayechanganya anodi na kathodi akikumbuka macheo hatachanganya tena: zinki ni macheo, huko ndiko mkondo unakoingilia majini.

Sehemu ya pili ya jina ni ngumu zaidi. Kifaransa na Kiingereza husema anodi "ya sadaka" au "ya dhabihu", neno ni lile lile kwao. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Sadaka unampa mwenye haja au unaitoa kanisani au msikitini, na haikusudiwi iharibike. Dhabihu huchinjwa. Kafara hutolewa ili balaa limpate yeye badala ya mwenyewe, na hicho ndicho kipande hiki kinachofanya. Nasema basi anodi ya kafara, au anodi tu. Kuhusu kitenzi, nimechagua kulika badala ya kuliwa ninapoitaja anodi, maana kuliwa kunamdai mlaji aliye wazi, na hapa mlaji ni mzunguko mzima.

Tuje kwenye uchaguzi, ambako jina "zinki" linagharimu pesa.

Kinachoamua ni maji. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi ndiyo inayobeba ioni. Maji ya mito na mifereji yana chumvi kidogo sana, kwa hiyo yanapinga umeme. (Kamusi zinayaita maji baridi, Lubumbashi ukisema maji baridi utaletewa chupa kutoka friji. Hapa maana yake ni maji yasiyo ya chumvi.) Zinki ikikaa ndani ya maji baridi inajifunika ngozi ngumu, nyeupe, na chini ya ngozi hiyo inalala. Haitoi chochote. Ukiitazama unaiona nzima, nzuri, karibu mpya, na mtu asiyejua anafurahi kwamba imedumu. Wakati huo rafadha inalipa.

Magnesi ina kinyume chake. Kwa kuwa iko chini sana kwenye ngazi, inaweza kusukuma mkondo hata ndani ya maji yanayopinga, na ndiyo ya mito na maziwa. Ukiipeleka baharini inasukuma kupita kiasi: inakwisha kwa muda mfupi sana, na mkondo mwingi hivyo huweza kuichubua rangi ya mashua karibu na metali inayolindwa. Alumini ya anodi, yaani aloi yenye zinki kidogo na indiamu kidogo sana, iko katikati. Inafanya kazi baharini, inafanya kazi pale mto unapochanganyika na bahari, na kwa uzito ule ule inatoa umeme mwingi kuliko zinki. Indiamu hiyo ndiyo inayoizuia isijifunike ngozi. Alumini ya kawaida, ya sufuria, haifai hata kidogo. Nataja hilo kwa sababu najua watu wanaoyeyusha sufuria.

Safari inayoonyesha tatizo lote ni ile ya mashua inayotoka Le Havre kwenda Mediterania kupitia ndani ya Ufaransa. Mlingoti unalazwa juu ya deki ili mashua ipite chini ya madaraja. Inapanda mto Seine, inapita Paris, inafuata mifereji yenye malango mengi mpaka mto Saône, kisha Rhône, na kutokea baharini Port-Saint-Louis-du-Rhône. Bahari, wiki kadhaa za maji baridi, bahari tena. Aliyeondoka na zinki anasafiri bila ulinzi ndani ya mifereji, na akifika Mediterania ile ngozi nyeupe inaweza kuendelea kuilaza zinki hata ndani ya chumvi, mpaka isuguliwe kwa brashi ya waya au ibadilishwe. Aliyefunga magnesi atafika nayo, lakini asipoitoa mara moja bahari itaimaliza. Kwa safari hiyo mimi ningefunga alumini tangu mwanzo. Si bora kupita zote katika maji yoyote, ila ndiyo isiyokusaliti kati ya njia.

Kwa ziwa letu, maji ya Tanganyika hayafiki hata gramu 1 ya chumvi kwa lita. Ni maji baridi, kwa hiyo boti ya kudumu huko inahitaji magnesi. Zinki iliyoletwa kutoka duka la pwani ni pambo.

Usichanganye metali za anodi kwenye mashua moja ikiwa zimeunganishwa. Alumini kwenye shafti na zinki kwenye bodi: alumini itakuwa inailinda zinki, na umenunua anodi ya kulinda anodi.

Kuna majina mengine mawili yanayodanganya. Rafadha nyingi zinauzwa kama "shaba nyeusi ya manganizi". Shaba nyeusi ya kweli ni shaba na bati. Hii ya manganizi, ukiangalia mchanganyiko wake, ina zinki karibu asilimia 40: ni shaba ya manjano iliyovaa jina la dada yake. Maana yake ni kwamba zinki imo ndani ya rafadha yenyewe, na anodi ikilala au ikiisha, maji yanaanza kuitoa. Rafadha haipungui umbo, lakini panatokea madoa ya waridi, na pale penye waridi pamebaki shaba tupu yenye vitundu kama sifongo. Ukigonga rafadha nzima inalia kama kengele. Iliyoathirika inatoa sauti butu. Bawa lake linaweza kuvunjika mashua ikiwa inaingia bandarini kwa injini, upepo ukiisukuma kwenye mawe, yaani wakati ule ambao injini ndiyo tegemeo la pekee. Jina la pili ni chuma "kisichoshika kutu". Kinajilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni, na mahali maji yanapotuama, kwa mfano chini ya makombe yaliyogandamana kwenye shafti, utando unakufa na chuma kinachimbika vishimo.

Ukubwa. Anodi ya shafti kwa kawaida ni pete iliyokatwa vipande viwili, inayoikumbatia shafti na kufungwa kwa skrubu. Lazima ilingane na kipenyo sawasawa. Mashua nyingi za Ufaransa zina shafti ya milimita 25 au 30. Za Marekani na nyingi za zamani za Uingereza zinapimwa kwa inchi, na inchi 1 ni milimita 25.4. Tofauti hiyo ya chini ya nusu milimita inatosha kuharibu kila kitu. Pete ya inchi kwenye shafti ya 25 haibani. Inacheza, inapoteza mguso, na mwishowe inatoka. Pima kwa kaliba, usipime kwa jicho, wala usitegemee kumbukumbu ya aliyekuuzia mashua.

Kuibadilisha kunataka mashua iwe nje ya maji, au iegemezwe ukutani wakati maji yamekupwa, kama majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki yanavyokaa mchangani yakisubiri bamvua. Mzamiaji naye anaweza. Toa skrubu kwa ufunguo wa pembe sita. Zikigoma kwa sababu vichwa vyake vimejaa uchafu, vichokoe kwanza kwa msumari kabla ya kulazimisha. Pete ya zamani ikishikilia, igonge kwa upole, na shikiza kipande cha mbao upande wa pili ili pigo lisiende kwenye shafti.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu huiruka. Sugua shafti kwa msasa mpaka metali ing'ae mahali pote anodi itakapokaa. Sugua na ndani ya pete mpya. Ulinzi wote unapita kwenye mguso huo. Rangi, grisi au chumvi kavu vinaukata. Funga nusu mbili, kaza skrubu kwa zamu, gonga pete kuizunguka kwa nyundo ndogo ili ikae, kisha kaza tena. Utashangaa skrubu zinavyopokea robo mzunguko zaidi baada ya kugongwa. Acha nafasi ya sentimita chache kati ya pete na bushi ya mpira inayoishika shafti, kwa kuwa bushi hiyo inalainishwa na maji yanayopita, na pete iliyobanwa karibu inayazuia. Ukifika wakati wa kupaka rangi ya chini, funika anodi kwa gazeti. Anodi iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote, na bado kila bandari ina mtu anayezipaka ili zipendeze.

Kabla ya kushusha mashua, chukua mita ya umeme na upime ukinzani kati ya anodi na rafadha: usifike ohmu 1. Mashua nyingi zina kiungo cha mpira kati ya injini na shafti ili kupunguza mtikisiko. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo anodi iliyofungwa kwenye bodi na kuunganishwa na injini hailindi shafti, labda kuwe na waya unaokiruka kiungo hicho. Hii ndiyo sababu shafti hupewa anodi yake yenyewe.

Mwaka mmoja ni muda wa kawaida, lakini anodi yenyewe ndiyo inayosema. Ikilika nusu, ibadilishe. Usingoje iishe, kwa maana inapopungua inalegea. Ile isiyolika hata kidogo baada ya miezi ndani ya bahari ina mguso mbaya au ngozi. Na ile iliyokwisha kwa wiki chache inaonyesha kwamba kuna mkondo wa ziada, na mara nyingi mkondo huo unatoka nchi kavu. Mashua ikichomekwa kwenye umeme wa bandari, waya wake wa ardhi, ule wa kijani na njano, unaiunganisha na mashua zote zilizochomekwa. Jirani asiye na anodi anaanza kulindwa na ya kwako. Wengine hukata waya huo. Hilo ni hatari ya kifo: hitilafu ikitokea, umeme unatafuta njia kupitia maji na kupitia mtu aliyemo ndani yake. Kipo kifaa kidogo chenye diodi kinachofungwa kwenye waya wa ardhi. Kinazuia volti ndogo za ulaji wa metali na kuupitisha umeme mkubwa wa hitilafu. Huo ndio mkato halali.

Mtu anaweza kufikiri: basi nifunge anodi tatu, niwe na amani. Humphry Davy alijaribu jambo la namna hiyo mwaka 1824 kwa mabamba ya shaba yaliyofunika chini ya meli za kivita za Uingereza. Vipande vya zinki na chuma vililinda shaba vizuri mno. Shaba ikaacha kuyeyuka, na kwa kuwa ni kule kuyeyuka kulikokuwa kunawasumisha viumbe vya baharini, makombe na mwani vikaota juu yake hadi meli zikawa nzito, na jeshi la maji likauacha mpango huo. Kwenye mashua ya mbao hasara ni nyingine. Metali inayolindwa kupita kiasi huyageuza maji yanayoizunguka kuwa kama magadi, na magadi hayo hulainisha mbao kuizunguka misumari na vishikio mpaka ziwe kama uji wa nyuzi. Boti nyingi za Tanganyika, kama majahazi ya pwani, ni za mbao. Mwenye boti ya namna hiyo akifunga injini ndani na shafti, afunge anodi moja inayoitosha shafti yake, kisha kila mara boti ikipandishwa ufukoni achome kisu kidogo kwenye mbao karibu na metali, aone kama kinaingia kirahisi kuliko mwaka uliopita.